Sura ya Tano: Bunduki ya Mbogo kwa Mfuko wa Kawaida

Je, mtu asiye na mamilioni ya kuchezea anaweza kupata bunduki ya kumwangusha mbogo bila yenyewe kumwangusha yeye? Swali hili huulizwa na mkazi mwenye leseni anayetaka kuwinda nyama kihalali, na kijana aliyehitimu Mweka au Pasiansi mwenye ndoto ya kuwa mwindaji bingwa, yaani yule anayeruhusiwa kisheria kuwaongoza wageni porini. Majibu wanayopewa ni mawili, na yote yanapotosha. La kwanza linasema mbogo ni mnyama wa matajiri, maana bunduki yake halisi ni ile ya mitutu miwili inayochongwa kwa mkono London na ambayo ikiwa mpya bei yake hupita pauni 100,000. La pili linasema bunduki ni bunduki, yoyote yenye tundu kubwa inatosha. Hoja ya sura hii ni kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita mafundi walikwishaonyesha njia ya tatu. Njia hiyo inataka mnunuzi ajue ni kitu gani hasa anacholipia, na ni kipi anaweza kukiacha bila kuhatarisha maisha yake.

Sheria kwanza, duka baadaye

Kabla ya bei, kuna mipaka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, kwa hiyo yanayosemwa hapa yanahusu Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaendelea chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Silaha yenyewe ina sheria yake, ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali chake hupitia polisi. Mnunuzi anayelipa kwanza na kuomba kibali baadaye anaweza kujikuta na bunduki nzuri asiyoruhusiwa kuigusa.

Mpaka wa pili ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, ambao ndio pia unaoamua upana wa risasi. Kwa wanyama hatari kama mbogo na kiboko, kiwango cha chini Tanzania ni .375, yaani sehemu 375 za inchi iliyogawanywa mara elfu moja, sawa na milimita 9.5 hivi. Swala, kongoni na nyumbu huruhusiwa kwa kaliba ndogo zaidi. Gobore, ile bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mbele na ambayo wengi wetu vijijini tunaijua, haimo kabisa katika hesabu hii. Tunachotafuta ni raifo: bunduki ambayo ndani ya mtutu wake kuna mifuo iliyojipinda, inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja bila kuyumba.

Bei inatoka wapi?

Wengi hudhani bunduki ya wanyama wakubwa ni ghali kwa sababu ina nguvu. Nguvu yenyewe haigharimu sana, kwa kuwa hutokana na baruti, na baruti ni bidhaa ya kawaida. Kinachogharimu ni mtambo wa kuibeba. Mtambo ni ile sehemu ya chuma iliyo katikati ya bunduki, inayolipokea ganda la risasi, kulisukuma ndani, kulifungia wakati wa mlipuko na kulitoa likiwa tupu. Ganda likiwa refu, mtambo lazima uwe mrefu. Kiwanda kinachotengeneza mitambo ya kawaida kwa maelfu kikiombwa michache mirefu, kila mmoja huuzwa kwa bei ya nguo ya kushonesha, hali ile ya kawaida inauzwa kama nguo ya dukani.

Tazama mifano. Mwaka 1898 Ujerumani ilikubali bunduki ya jeshi iliyobuniwa na Paul Mauser, nayo ikatengenezwa kwa mamilioni. Mtambo wake ulipimwa kwa ganda la jeshi lenye urefu wa milimita 57. Waingereza waliotaka nguvu kubwa walikwenda kinyume na kipimo hicho. Rigby wa London mwaka 1911 alitoa risasi ya .416 yenye ganda la karibu milimita 74, na ilimlazimu kuagiza kwa Mauser mitambo maalumu mikubwa. Holland & Holland nao mwaka 1912 walitoa .375 yao maarufu yenye ganda la milimita 72. Risasi zote mbili ni bora hadi leo, lakini kwa miaka mingi bunduki zake zilikuwa za watu wenye uwezo.

Fundi mmoja wa Berlin, Otto Bock, aliufikiria mkoba kabla ya kuifikiria bunduki. Mlowezi wa Kijerumani katika makoloni ya Afrika, pamoja na hii Tanzania Bara ya leo, hakuwa na fedha za London, lakini mtambo wa kawaida wa Mauser aliweza kuupata. Mwaka 1905 Bock akaunda risasi nene ya milimita 9.3 katika ganda la milimita 62, iliyoingia bila taabu katika mtambo uleule. Ilirusha kichwa cha risasi cha gramu 18.5 kwa mwendo wa karibu mita 720 kwa sekunde, nayo ikaenea Afrika nzima kama bunduki ya mkulima. Leo sheria yetu ya .375 inaiacha nje kwa tofauti ndogo mno pale mnyama hatari anapohusika, ila funzo lake halijafutika: unafuu ulipatikana kwa kuipunguza risasi hadi ikaenea kwenye mtambo uliokwisha kuwapo, wala chuma hakikupunguzwa ubora.

Miaka 102 baadaye funzo lilelile lilirudiwa. Mwaka 2007 kampuni ya Ruger ya Marekani, ikishirikiana na watengeneza risasi wa Hornady, ilitoa .375 Ruger. Ganda lake ni fupi kuliko lile la Holland & Holland kwa milimita saba hivi, lakini ni nene zaidi, kwa hiyo linabeba baruti ya kutosha kuleta nguvu ileile au kuizidi kidogo. Na kwa kuwa ni fupi, linaingia katika mtambo wa kawaida unaotumiwa kwa risasi za .30-06, ambazo wawindaji wa swala wanazijua vizuri.

Onyo la mwaka 1956

Hata hivyo, kubana kuna kikomo, na historia inatupa mfano wa kilichotokea kikomo kilipovukwa. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ilitoa .458 Winchester Magnum. Iliahidi nguvu za bunduki kubwa za mitutu miwili kwa bei ya bunduki ya kawaida, katika ganda la milimita 63.5 tu. Wawindaji bingwa na idara za wanyamapori barani Afrika waliipokea kwa mikono miwili. Tatizo likaja baadaye. Ili kuufikia mwendo ulioahidiwa, baruti ilishindiliwa sana ndani ya ganda fupi, kama mtu anayefunga sanduku la safari kwa kulikalia. Risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto zilianza kuonyesha kasoro: baruti iligandamana, haikuungua yote, na kichwa cha risasi kikatoka kwa mwendo mdogo kuliko uliotarajiwa. Mbele ya tembo, hilo si jambo la kuandikia barua ya malalamiko.

Baruti za sasa zimelirekebisha tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na .458 bado inaheshimiwa. Lakini onyo linabaki. Unafuu unaotokana na mtambo wa kawaida ni wa halali. Unaotokana na kuilazimisha risasi ifanye yaliyo juu ya uwezo wake hulipwa porini, na anayelipa mara nyingi ni mfuatilia nyayo anayetangulia mbele.

Kwa ufupi hadi hapa

- Kiwango cha chini kwa wanyama hatari Tanzania ni .375.
- Kinachopandisha bei ni mtambo mrefu wa nadra pamoja na nakshi; nguvu peke yake si ghali.
- Risasi inayoingia katika mtambo wa kawaida bila kubanwa kupita kiasi ndiyo mlango wa bei nafuu.

Kutegemeka maana yake nini?

Neno "imara" hutumiwa ovyo madukani. Kwa bunduki ya mbogo lina maana moja nyembamba: risasi ya pili lazima iingie. Ya kwanza hupigwa kwa utulivu, mnyama akiwa hajui. Ya pili hupigwa mikono ikitetemeka, mnyama akikimbia, pengine akija. Bunduki nyingi za namna hii hutumia komeo, chuma cha mviringo kinachosukumwa na kuvutwa kwa mkono kama komeo la mlango. Likivutwa nyuma linatoa ganda tupu. Likisukumwa mbele linachukua risasi mpya kutoka magazini, yaani kasha lililo chini ya mtambo, na kuiingiza kwenye mtutu.

Hapo ndipo ubunifu wa Mauser ulipo na thamani. Komeo lake lina kucha ndefu ya chuma ubavuni. Risasi inapotoka magazini, kucha hiyo huidaka pembe ya kitako chake mara moja na kuishikilia hadi ndani, kama fundi anayeshika msumari kwa koleo. Makomeo mengine huisukuma risasi bila kuishika, kama mtoto anayesukuma mpira kwa kijiti; huidaka pale tu komeo linapofungwa kabisa. Kwenye uwanja wa shabaha hutaona tofauti. Lakini mtu mwenye hofu husukuma komeo nusu, halafu hulivuta tena. Kwenye bunduki ya kucha, risasi aliyoishika itatolewa na nyingine itaingia. Kwenye ile ya kusukuma, ya kwanza hubaki imelala mbele, ya pili huigonga kwa nyuma, na bunduki imekwama.

Watetezi wa makomeo ya kusukuma wana hoja yao. Bunduki kama Remington 700 zimeuzwa kwa wingi mno, nyingi zina shabaha kali, na wawindaji wengi wamezitumia maisha yao yote bila kukwama. Ni kweli, na kwa swala au kongoni sina neno. Lakini hoja hiyo inahesabu siku za kawaida. Bunduki ya mbogo hununuliwa kwa ajili ya ile siku moja isiyo ya kawaida, na kwa kuwa kucha ndefu inapatikana hata kwenye bunduki za bei ya kati, hakuna sababu ya kuikosa. Wenyewe Winchester walijifunza hilo. Bunduki yao ya Model 70, iliyotoka mwaka 1936, ilikuwa na kucha. Mwaka 1964 wakaiondoa ili kupunguza gharama, wanunuzi wakalalamika, na baada ya miaka mingi wakairudisha.

Basi ipi?

Kwa mnunuzi wa kawaida, majina yanayostahili kutazamwa kwanza ni machache. Kiwanda cha Kicheki cha Uherský Brod kilitengeneza ZKK 602 iliyouzwa kwa jina la Brno, na baadaye CZ 550 Magnum. Hizi ni mfano wa njia nyingine ya unafuu: kiwanda kilitengeneza mtambo mrefu wenye kucha kwa wingi, bila nakshi, mpaka .375 ya Holland & Holland na hata .416 Rigby zikaingia katika bei ya mtu wa kawaida. CZ 550 haitengenezwi tena, kwa hiyo itafutwe kwa waliokwisha kuitumia. Zastava wa Serbia bado wanatengeneza bunduki kwa mtambo wa namna ya Mauser, umaliziaji wake ukiwa wa kawaida na bei yake ya chini. Ruger Hawkeye ina kucha na hupatikana kwa .375 Ruger, na Winchester Model 70 hukaa juu yao kidogo kwa bei.

Kuhusu risasi, .375 ya Holland & Holland bado inaongoza, ingawa mtambo wake ni mrefu. Ndiyo risasi nzito iliyoenea zaidi katika nchi za Afrika zenye uwindaji halali, na ganda lake limechongoka taratibu kuelekea mbele, jambo linalolifanya liteleze kuingia mtutuni bila kigugumizi. Hurusha kichwa cha gramu 19.4 kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Nishati yake ni zaidi ya jouli 5,700, jouli ikiwa ni kipimo cha nguvu ya pigo; .30-06 ya kawaida hutoa jouli 3,900 hivi. Zaidi ya hayo, mruko wake angani haupishani sana na ule wa .30-06, kwa hiyo bunduki hiyohiyo inamfaa pofu, nyumbu na hata swala wa mbali. Mwenye fedha za bunduki moja ameshapata jibu hapo. .375 Ruger ni sawa kwa nguvu, ila kabla ya kuinunua uliza kama risasi zake zinapatikana mahali unapoishi. Bunduki isiyo na risasi ni mkongojo wa bei mbaya.

Je, rahisi huvunja upishi?

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hoja hii hutolewa kila bunduki ya bei nafuu inapotajwa. Methali ni ya kweli pale urahisi unapogusa kiungo cha chakula. Haina nguvu pale unapogusa maua yaliyochorwa kwenye sufuria. Gharama ya bunduki ya London inaingia sana kwenye mti wa jozi uliochaguliwa kwa mistari yake, michoro ya tembo kwenye chuma, na saa nyingi za fundi kuilinganisha mitutu miwili ipige mahali pamoja. Hilo la mwisho ni ustadi wa kweli, na mitutu miwili hutoa risasi ya pili upesi kuliko komeo. Lakini ni mbili tu. Komeo lina tatu au nne. Mbogo hatambui mti wa jozi.

Pingamizi la pili huja na jina: Walter Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa ajili ya Karamoja ya Uganda, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Kama yeye aliweza, kaliba kubwa ya nini? Jibu ni kwamba Bell aliujua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande, alitumia vichwa vya risasi vigumu visivyopasuka, na aliwinda mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati makundi mengi hayakuwa yameizoea bunduki. Tena alikuwa huru kuchagua asipige. Mfano wake unathibitisha kwamba shabaha inashinda ukubwa, na hilo tunalikubali. Hauthibitishi kwamba mtu wa kawaida ana shabaha ya Bell. Sheria imewekwa kwa ajili ya huyo wa pili.

Pingamizi la tatu ni kinyume chake: ikiwa .375 ni kiwango cha chini, kwa nini usiruke hadi .458? Sababu ni teke, ule msukumo wa kitako begani. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, na la .458 huzidi hapo sana. Mpigaji anayeogopa bega lake hufumba macho na kuivuta triga kwa kushtuka, na risasi huenda asikokusudia. Kichwa cha .375 kilichopita moyoni kina faida kuliko cha .458 kilichopita tumboni.

Kununua iliyotumika

Unafuu mkubwa kabisa uko kwenye bunduki iliyotumika, kwa kuwa bunduki za wanyama wakubwa hupigwa mara chache. Kabla ya kulipa, kagua haya:

1. Namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na ile ya kwenye hati, na muuzaji awe mmiliki halali.
2. Ndani ya mtutu kung'ae, mifuo ionekane wazi, pasiwe na madoa ya kutu. Ncha ya mtutu isiwe imegongwa.
3. Mti wa kitako usiwe na ufa nyuma ya mtambo. Hapo ndipo teke hupasulia.
4. Jaza magazini risasi za bandia, zisizo na baruti, uzipitishe zote kwa kasi, kisha polepole, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu.
5. Kizuizi cha usalama kikifungwa, triga isiachie kabisa, hata ukiivuta kwa nguvu.
6. Ipigwe mbele yako, angalau risasi tano. Mwenye bunduki nzima hatakataa.

Bei kamili ya bunduki

Kosa la wanunuzi wengi ni kumaliza fedha kwenye bunduki, kisha wakabaki na risasi kumi. Ni heri bunduki ichukue nusu tu ya fungu. Nusu nyingine iende kwenye vitu vitatu. Cha kwanza ni vilengeo: vile vya chuma vilivyo imara juu ya mtutu, kwa kuwa mbogo hupigwa karibu, na ukiongeza darubini, iwe ya ukuzaji mdogo unaoanzia mara moja, ikikazwa kwa pete nzuri, maana teke hulegeza skrubu dhaifu. Cha pili ni vichwa vya risasi. Vya mbogo viwe ama vile vinavyotanuka bila kumeguka, ama vigumu visivyotanuka kabisa. Kuweka akiba hapa ndiko hasa kunakovunja upishi. Cha tatu ni mazoezi. Piga risasi chache kila mara, ukiwa umesimama na kuegemea miti mitatu iliyofungwa pamoja kama inavyofanywa porini, wala si umeketi mezani. Siku nyingine tumia bunduki ndogo ya .22, ambayo risasi zake ni za bei ya chini, kuufundisha mkono kuikamua triga taratibu.

Fungu hili la mazoezi ndilo linaloilinda leseni pia. Moyo wa mbogo uko chini kifuani, kati ya miguu ya mbele, na wapigaji wengi hulenga juu mno. Katika uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kama aliyeuawa, na ada yake hulipwa. Kabla ya kupotea, huyohuyo hujificha kichakani akiwasubiri wanaomfuata, na anaweza kuwa na uzito wa kilo 700.

Kwa hiyo jibu la swali tulilolianzia ni ndiyo, kwa sharti moja. Nunua .375 ya komeo lenye kucha ndefu, iwe mpya isiyo na nakshi au iliyotumika na kukaguliwa, yenye vibali vyote. Kilichobaki mfukoni kigeuze risasi, na risasi hizo zipige kwenye karatasi hadi mkono uvute komeo bila kuulizwa. Usipoweza kulipia mazoezi, basi hata bunduki ya bei nafuu bado ni ghali kwako. Subiri msimu mwingine.